Kabati la nyanya halipiti kwenye ngazi. Nilipige msumeno?

BintiKuze (mwenye uzi)
Assalaam aleikum, na wengine hamjambo. Nina shida ya mbao, si ya mapenzi, kwa hivyo waliokwishavuta viti na bisi mkononi warudi zao.

Tunahama. Nyumba ya Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, tuliyopanga tangu enzi za nyanya yangu, mwenyewe ataka kufumua dari lote, na tumepewa mpaka mwisho wa mwezi. Kila kitu kimeshashuka isipokuwa kabati la nguo la nyanya, lililoko orofa ya pili. Nimelipima kwa utepe wa cherehani kwa sababu vifaa vingine vyote vimeshafungwa maboksini: kimo futi 7, upana futi 6, kina futi 2. Milango mitatu, wa kati una kioo cha mtu mzima, chini droo mbili ndefu, juu taji la nakshi kama kilemba cha bwana harusi. Ngazi za nyumba za Mji wa Kale mwazijua. Zetu zina sentimita 74 kutoka ukuta hadi ukuta, na katikati zinakata kona. Dirisha la mbele lina grili ya chuma iliyochomelewa baada ya kuibiwa redio, zamani hizo ambapo redio ilikuwa kitu cha kuibwa.

Ijumaa tulileta mahamali wanne. Wakalitikisa, wakaliinua upande mmoja, wakalirudisha, wakatazamana. Mkubwa wao akanambia: "Dada, hapa kabati lilianza, nyumba ikajengwa baadaye." Wakachukua pesa ya kuja, wakaenda zao.

Sasa mdogo wangu ameazima msumeno wa mkono. Ataka tulikate vipande viwili, juu na chini, tukifika Bombolulu tunakohamia tuliunge kwa bolti. Ami yetu amesema likikatwa yeye haingii tena kwetu. Mimi niko katikati na utepe wangu. Namtaka mtu aliyewahi kukata kitu kikubwa cha mbao ngumu anambie ilikuwaje. Sitaki wa kunambia pole.

KijanaWaFeri
Pole.

MlaMkateWaSinia
Weka picha. Uzi wa kabati bila kabati ni pilau ya kusimuliwa.

BintiKuze
Picha tatu hizo. Msiangalie ukuta, ndio sababu tunahamishwa.

FundiMagongo
Dada, teremsha msumeno kwanza. Mimi niko karakana, na makabati ya kukatwa nimeletewa mengi. Mengi nimeletewa yakiwa yameshakatwa, nitafute dawa.

Nijibu haya. Mbao ni ya mti gani? Usinambie mahogani, maana Mombasa kila kitu chekundu ni mahogani. Vuta droo, kwangua kwa kisu ndani, mahali ambapo rangi haijafika. Ikiwa ni kahawia ya manjano yenye michirizi myepesi, huenda ni mvule. Ikiwa inateleza kidoleni kama imepakwa mafuta na ina harufu ya ngozi ya viatu vipya, huo ni msaji, na hapo nitakuomba uniuzie. Mgongo wake je, ni plaiwudi au ni mbao? Na umepigiliwa, ama umechomekwa kwenye mfereji?

La mwisho, ambalo watu hawaliulizi: liliingiaje?

UkhtiNyali
Usilikate. Sisi letu tuliliuza kwa mtu aliyepita na mkokoteni, elfu nne, tukaona tumepata. Baada ya miezi miwili naingia duka moja la vitu vya kale, naona mlango wake ule wenye nyota umelazwa, umetiwa miguu minne, umekuwa meza ya kahawa. Nilisimama pale mpaka muuzaji akaniuliza kama najisikia vibaya.

DadaMtwapa
Na mimi niseme la upande wa pili, maana hapa kila mtu atakuja na nyanya yake. Sisi tulikata. Kabati la mamangu, futi 6 na nusu. Nusu ya juu ni kabati la vyombo jikoni, nusu ya chini iko chumba cha watoto. Hakufa mtu. Mama mwenyewe alisimama pale akielekeza. Kitu kinachokaa orofani mwa nyumba ya mtu mwingine kikiliwa na mchwa si ukumbusho wa yeyote.

BintiKuze
FundiMagongo, nimekwangua. Kahawia ya manjano, michirizi ipo, mafuta hakuna. Mgongo ni mbao nyembamba zilizosimamishwa wima, misumari imeota kutu, mingine ukiigusa inavunjika. Mbavu zake mbili kila moja ni ubao mmoja. Nimetafuta kiungo sikukiona. Miguu ya nyuma ina unga mwekundu chini yake.

Lilivyoingia hatujui. Nyanya alikuwa akisema liliingia mwaka mmoja kabla ya Uhuru, basi, kisha huhamia kwenye habari za bei ya sukari.

FundiMagongo
Mvule huo. Na ubao mmoja wa futi 2 bila kiungo, jamani, mwaelewa maana yake? Huo mti ulikuwa mtu mzima kabla ya babu zetu. Siku hizi nikitaka upana huo naunga mbao tatu au nne kwa gundi, na mteja huyohuyo analalamika bei. Unga ukifagia leo na kesho ukaukuta tena, wadudu wako hai. Usipoukuta, walishaondoka zamani.

MhandisiKisauni
Mnazunguka sana. Kata grili, panua dirisha kwa tindo, jiwe la matumbawe ni laini, nusu siku mmemaliza. Kisha kamba na watu sita. Ukuta unajengwa tena kwa simiti.

Makadara1
MhandisiKisauni, samahani, umesomea wapi? Kwanza nyumba si yake. Pili, Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na huvunji ukuta wala hubadilishi dirisha bila kupita kwa watu wa Makumbusho ya Taifa. Tatu, nyumba hizo ni matumbawe na chokaa, na boriti za sakafu ya juu zimekaa juu ya ukuta huohuo. Ukiondoa mawe ya juu ya dirisha, boriti itakaa juu ya hewa? Na ukiziba kwa simiti, simiti na chokaa haziivani. Unyevu na chumvi havitoki tena, ukuta unabanduka vipande.

MhandisiKisauni
Nilikuwa nasaidia tu.

BintiKuze
Mwenye nyumba amekataa grili isiguswe hata kwa kidole. Tena chumba chenyewe ni vile vyumba vyetu vya boriti, virefu, vyembamba, kwa sababu boriti ya mkoko urefu wake ndio upana wa chumba. Hata kuligeuza kabati humo ndani ni kazi.

BahariYaHindi
Kuna mtu wangu ananunua vitu vya kizamani, anawapelekea wageni nje. Atatoa 8,000 na kulitoa mwenyewe. Karibu pembeni tuongee.

Makadara1
"Atalitoa mwenyewe" maana yake atalikata mwenyewe. Na wewe wa kupeleka nje, ujue Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa ni kitu cha kale, na hakitoki nchini kwa kuongea pembeni. La BintiKuze halijafika umri huo, lakini nauliza hayo mengine ya mtu wako yana umri gani?

BahariYaHindi
Tusifike huko.

TangaMjini
Mimi niko Tanga ila nasoma. Mwaka juzi nilikata meza ya mzee wangu, mninga mtupu, futi 9, iingie nyumba ya kupanga. Nikailaza juu ya viti viwili, kimoja kila mwisho, nikaanza kukata katikati. Msumeno ulipofika robo tatu, mbao ikaanza kulemea ndani kwa uzito wake, ule mkato ukafumba kama mdomo wa mtoto anayekataa dawa. Msumeno ukabanwa. Na mimi, kwa akili zangu, nikavuta kwa nguvu. Vipande vyote viwili vikashuka pamoja, na upande wa chini ukachanika kibanzi cha urefu wa mkono ambacho hakijarudi mpaka leo. Mke wangu anakunia nazi juu ya nusu moja. Nusu ya pili wanalalia kuku. Kwa hiyo kabla ya kuuliza unakata wapi, uliza nani ameshikilia upande wa pili.

MzeeMvita
Mwanangu BintiKuze, mimi nimezaliwa Kibokoni na hayo makabati nimeyaona yakipanda. Nalikuwa kijana mdogo wakati huo. Kitanda cha samadari hakina taabu, hufunguliwa kikawa ni miti, kikapita popote. Makabati mengine yakivutwa kwa kamba kupitia dirishani, mmoja yuko chini akilisukuma kwa mpiko lisigonge ukuta, na mwenye mali amesimama mbali akisoma kulla dua aijuayo.

Lakini si yote. Mengine fundi mwenyewe akija na mahamali wamebeba mbao tupu, akapanda nazo, akashinda huko juu na nyundo ya mti, jioni akashuka akenda zake, kabati limesimama chumbani. Sisi watoto tukidhani amelijenga kwa siku moja! Kumbe alishalijenga dukani kwake mwezi mzima, kisha akalifungua.

Kwa hivyo huyo ami yako usimuulize kama likatwe. Muulize kama siku hiyo alisikia nyundo.

KijanaWaFeri
Nafuta ile pole yangu. Mzee nimekaa chini.

BintiKuze
Ami nimempigia mara tatu, amezima. Nimemwachia ujumbe. FundiMagongo, ikiwa hakujibu na siku zinakwisha, nikate vipi?

FundiMagongo
Sipendi, lakini bora nikwambie kuliko ubahatishe.

Anza kwa kuvua kila kinachovuka. Milango mitatu, droo, rafu. Parafujo za bawaba za zamani mara nyingi ni za shaba, laini, zimezibwa na rangi. Kabla ya bisibisi, chokoa mfereji wa kichwa chake kwa ncha ya msumari mpaka uone shaba inang'aa, na bisibisi iwe pana sawasawa na mfereji, la sivyo utakivuruga kichwa, halafu utakaa nacho mpaka Idi. Kioo kizungushiwe nguo na kibebwe kikiwa kimesimama wima, kisilazwe. Kila kitu kiandike kwa chaki, kushoto, kulia, juu, chini. Mgongo usiubandue lingali limesimama, maana ndio unaozuia kabati lisiende mshazari likawaangukia.

Mkato usiwe katikati kwa sababu tu ni katikati. Tafuta rafu isiyotoka, ukate chini yake kidogo, ili ile rafu ibaki kuwa kitako cha kipande cha juu. Mstari uchore kwa kisu chenye makali, usitumie penseli, uzunguke pande zote. Kisu kinakata nyuzi za juu za mbao, na msumeno ukija hautazichana. Juu ya mstari bandika selotepu ya karatasi. Msumeno uwe wa kukatia mbao kwa kupitisha nyuzi, meno madogo madogo, 10 au 11 kwa inchi, si ule wa kupasulia wenye meno kama ya papa. Upake msumeno mshumaa pande zote mbili, utaona unavyoteleza. Mkato ukifika nusu, chomeka kabari nyembamba nyuma ya msumeno usifumbe. TangaMjini ameshawaeleza kinachotokea.

Sasa mambo mawili ya mvule. Vumbi lake ni kali. Linapigisha chafya, linawasha macho, wengine huwatoa vipele, na mwenye pumu asiwe hata kwenye ngazi. Jifungeni pua na midomo, fungueni madirisha. La pili, mvule una mawe. Si fumbo. Mti huo hujenga chokaa ngumu ndani ya mbao zake, pengine punje kama mchele, pengine donge kama kokwa ya embe, na kwa nje huoni kitu. Meno ya msumeno yakikutana nalo yamekwisha palepale.

Na hili ndilo linalonikera kwa watu wanaosema kata tu uunge: msumeno hula. Milimita 2 hivi kila mkato. Kabati lako litapungua milimita 2, milango haitapungua. Utaiona siku ya kuirudisha, itakwama chini, uanze kuiranda, kisha isikwame ila iachie upenyo, na miaka yote utakayoishi utakuwa ukisikia mlango huo ukilia usiku.

Muulize ami wako kuhusu nyundo.

MlaMkateWaSinia
Milimita 2! Mimi mlango wangu unalia na sijakata kitu.

BintiKuze
Jamani. Naandika kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye barafu.

Jumamosi baada ya alfajiri mdogo wangu alisema hatungoji tena. Tulivua milango kama mlivyosema. Kioo kimeshuka salama ndani ya leso tatu za nyanya. Mstari tumeuchora kwa kisu, mshumaa tumepaka. Kulilaza ndiko tulikoshindwa, tuko wawili tu, tukasema ubavu wa kushoto tuukate likiwa limesimama.

Dakika kumi za kwanza nilijiona fundi. Mbao ile ilikuwa ikitoa sauti tamu, kama mtu anayefagia uwanja wa mchanga, na unga wake wa njano unaanguka miguuni. Halafu chafya zikaanza. Mdogo wangu alipiga mpaka jirani wa chini akapaza sauti kuuliza kama kuna mgonjwa. Tukapokezana. Nilikuwa nimefika sentimita 11, nilizipima baadaye, msumeno ukatoa mlio ambao sijawahi kuusikia, ukaruka, kiganja changu kikagonga ubavu wa kabati. Tukauchomoa. Meno ya kati hayapo, yamelala kama fizi. Nikamulika kwa simu ndani ya mkato, nikaona doa jeupe. Jiwe.

Tumekaa chini sakafuni, unga kichwani, hatusemezani. Simu ikalia. Ujumbe wa sauti wa ami, sekunde tisa. Nauandika kama ulivyo: "Nyundo nilisikia. Siku nzima. Mama akatukataza kupanda. Mwaniuliza nini?"

FundiMagongo
ACHA. Usiguse tena huo msumeno.

Panda kwenye kiti, utazame pale taji linapokutana na kabati. Utaona mstari umezibwa na rangi ya mafuta. Upitishe kisu pole pole pande zote. Kisha weka kipande cha mbao chini ya taji kwa ndani, kifungie nguo, gonga kuelekea juu. Gonga kama unabisha hodi, usigonge kama unadai deni. Kisha zunguka nyuma ya kitako, chini kabisa, pale mbavu zinapoingia. Kwangua rangi. Natafuta vichwa vinne vidogo vya mraba.

BintiKuze
Kuna kimoja. Nakiona.

BintiKuze
Vinne.

MzeeMvita
Alhamdulillahi. Kabari hizo. Zigonge kwa upande ule mwembamba, zitoke zilikoingilia.

KijanaWaFeri
Nimeacha feri inaondoka nasoma uzi wa kabati. Endelea dada.

BintiKuze
Naam, nimepumzika, nimekunywa chai, naeleza.

Taji lilitoka kwa pigo la tatu. Halikuwa na msumari hata mmoja. Lilikuwa limekaa tu juu ya vijiti vinne, kama kofia. Miaka yote hiyo lilishikiliwa na rangi alizokuwa akipaka nyanya kila Idi. Chini, kabari ya kwanza iligoma. Mdogo wangu aliweka ncha ya msumari mnene kwenye ule upande mwembamba, akagonga mara moja, ikaruka ikapiga ukuta. Niliiokota. Nje ilikuwa na rangi ya kahawa kama kabati lenyewe, na ile sehemu iliyokuwa ndani ya tundu bado ni njano, safi, kama ilichongwa juzi. Nimeiweka kiganjani na kuinusa. Sijui kwa nini nimeinusa.

Zilipotoka zote nne, ubavu wa kulia tuliuinua wima ukachomoka kwenye kitako na ndimi zake mbili. Hakuna gundi. Rafu zinateleza kwenye vishikio vyake. Mgongo ndio pekee wenye misumari, na tuliitoa mmoja mmoja. Saa sita mchana kabati lilikuwa marundo ya mbao yaliyoegemea ukuta, na chumba kikawa kikubwa, kina mwangwi.

Sasa lenye kuniumiza. Tulipovua vishikio vya rafu, chini ya kila kimoja fundi ameandika nambari kwa penseli, kwa tarakimu za Kiarabu, na nambari hiyohiyo kwenye ubavu pale kinapokaa. ١ na ١, ٢ na ٢. Maandishi membamba, yamelala kidogo kulia, ya mtu mwenye haraka lakini mwenye kujua. Kwenye ubavu wa kushoto, ٣ yake, msumeno wangu umepita katikati.

UkhtiNyali
Usilie. Nusu mbili za tatu bado zinasomeka tatu.

DadaMtwapa
Nami nakubali yangu. Letu hatukutazama kabari. Sikujua kama ziko. Nitamuuliza mama leo, na sitaki kusikia jibu.

TangaMjini
Hiyo sentimita 11 isikutishe. Ubavu wa kabati hubeba uzito wa kwenda chini, haujakatwa njia nzima.

FundiMagongo
Kweli. Ubao wa futi 2 uliokatwa sentimita 11 ukingoni una nguvu za kutosha. Usijaze mkato huo kwa gundi na unga wa mbao, itapasuka na kuanguka. Kata kibanzi chembamba cha mvule, unene ule ule wa mkato, nyuzi zielekee kama za ubavu, kipake gundi, kisukume ndani, kesho yake ukirande kiwe sawa na ubao. Hilo jiwe lichokoe kwanza kwa tindo ndogo.

MhandisiKisauni
Ngazi mlipitaje na ubavu wa futi 7? Ile kona?

BintiKuze
Ubavu ni futi 6 na ushei, taji na kitako ndivyo vilivyokuwa vikiufikisha 7. Tuliusimamisha wima pale kwenye kona na kuuzungusha kama mtu anayecheza chakacha. Kitako ndicho kilichotupa taabu, futi 6 kwa 2 na ni kizito kama jahazi, lakini kilipita kwa ubavu. Safari tisa. Mahamali walewale wanne. Mkubwa wao alipouona ubavu unashuka peke yake alisema, "Kumbe lilikuwa linajifanya." Kanta haiingii kwenye vichochoro vyetu, kwa hivyo mkokoteni mpaka barabara kubwa, mikupuo miwili, na mvua ya manyunyu ilianza tukiwa tunafunga kamba.

Ami alikuja mpaka kwenye kanta. Hakutusalimu. Alihesabu mbao, akakagua ubavu wa kushoto, akapitisha kidole kwenye mkato wangu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akapanda mbele kwa dereva akakaa. Mpaka Daraja la Nyali hakusema neno. Tulipovuka akasema mamake alilipia kabati hilo kwa mafungu, na fundi alikuwa akija kila mwezi kuchukua pesa yake na kunywa kahawa, na kila akija alikuwa akiugonga ubavu kwa vidole asikilize. Basi.

MzeeMvita
Alikuwa akisikiliza kama kabari zimelegea. Mbao hunywa unyevu wa kusi na kukauka kaskazi.

BintiKuze
Leo ni siku ya pili Bombolulu. Kitako kimekaa, mbavu zimesimama, nambari tumezifuata, rafu zimeingia bila kubishana. Dari la hapa ni futi 8, na tuliposimamisha mbavu tulikuwa na nafasi ya kutosha. Milango inafunga. Hailii, FundiMagongo, nimesikiliza usiku.

Shida moja. Kabari ziko tatu. Ile iliyoruka ikapiga ukuta niliiweka mfukoni, nayo ipo. Ya nne nadhani imefagiliwa na unga Kuze. Mdogo wangu ametia kipande cha mbao laini cha boksi kwa sasa. Naweza kupiga msumari?

FundiMagongo
Msumari usipige. Niletee moja ya hizo tatu, kabari huchongwa kwa kumfuata ndugu yake. Na nipimie tundu.

BintiKuze
Ya mvule?

FundiMagongo
Ya mvule. Na likitokea jiwe, msumeno utanunua wewe.